Damu Iliyotoka Kwetu

Dzaleka, tarehe 3 Februari 2013

Kwako mwanangu Bénie, mtoto wa marehemu kaka yangu Mulenda,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri huko bwenini, na wasichana wa Kimalawi hawakusumbui. Sisi huku kambini tu wazima kiasi. Mvua imebomoa ukuta wa jikoni. Mahindi ya mgao yamekuja na wadudu, lakini tunasaga hivyo hivyo, mdudu naye ni nyama. Cellule yetu ya kanisa, Betania, bado inakutana kila Jumatano uani kwangu kwa maombi, na Mungu bado ananiachia kuiongoza. Msalimie mama yako.

Kaka yako Rodrigue, mwanangu wa kwanza, sasa ni baba. Mke wake Aline alijifungua msichana mwaka jana, tukamwita Olga. Mtoto mzuri, ana paji la uso la Mulenda kabisa. Lakini anaumwa ugonjwa tusiouelewa. Mikono na miguu inavimba, ukimgusa vidole analia mpaka sauti inakauka. Macho yamekuwa ya manjano. Tulimpeleka zahanati kwa homa, wakampa dawa ya homa, homa ikashuka, vidole vikabaki vile vile. Nadhani unakumbuka mambo ya namna hii.

Faustin fundi cherehani ameniambia kwamba unasoma biolojia na walimu wanakusifu. Ndiyo maana nakuandikia. Katika vitabu vyenu hakuna neno juu ya damu ya mtoto inayokwisha yenyewe? Na ungemwuliza mama yako ni majani gani alikuwa anamchemshia marehemu ndugu yako Gélase. Baadhi ya watu wa cellule wameanza kumwangalia Aline kwa jicho baya. Mimi bado sijasema kitu.

Mungu akulinde katika masomo.
Shangazi yako, Charlotte


Lilongwe, 17 Machi 2013

Shangazi Charlotte,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Bweni linavuja, maharage yanaiva nusu, na wasichana wa Kimalawi wananipenda kuliko ndugu zangu wengine ninaowajua. Mama Véronique naye ni mzima. Naandika jina lake kwa sababu naona wino wako uliisha kabla ya kulifikia. Yuko Chinsapo, hapa hapa Lilongwe, asubuhi anauza mandasi, mchana anashona nguo za watu, na likizo mimi nakaa kwake.

Barua yako haikuchelewa njiani. Nimekaa nayo mwezi mzima ndani ya kitabu cha biolojia, nikiisoma kila nilipochoshwa na kurasa nyingine. Nilitaka na wewe uonje kungoja.

Umeniuliza swali la shule, basi nikujibu kishule. Siku ya kwanza mwalimu wetu aliuliza seli ni nini. Kwa Kiingereza chake neno lilifanana sana na cellule, nami nikanyoosha mkono juu kwa furaha. Nikasema: ni watu kama kumi na wawili wa kanisa moja, wanakutana Jumatano kwenye ua wa kiongozi, wanaimba, wanaombeana, na wakitaka wanamfukuza mjane. Darasa lilicheka hadi wengine wakalala juu ya madawati. Mwalimu hakucheka. Alisema sijakosea sana, akachora duara ubaoni. Seli ina utando unaoizunguka, akasema, na utando huo unachagua kipi kiingie na kipi kitoke. Katikati ina kiini kinachotoa amri. Pembeni kuna mitokondria zinazochoma sukari ili seli ipate nguvu. Nilitazama duara lile nikaona ua wako, Shangazi. Mlango wa mabati ulikuwa utando, na wewe ulikuwa umeketi pale katikati.

Kisha tukafika kwenye damu. Seli nyekundu ya damu ikikomaa hukitupa kiini chake nje. Inabaki bila mkubwa, na haifi kwa sababu hiyo. Inafanya hivyo ili ipate nafasi ya himoglobini zaidi, protini yenye chuma ndani yake, inayobeba oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye vidole vya mtoto. Niliposikia hayo nilicheka peke yangu. Kumbe inawezekana.

Nisikilize bado. Protini ni mnyororo wa asidi amino, moja baada ya nyingine, kama shanga kwenye uzi. Katika mnyororo mmoja wa himoglobini shanga ni zaidi ya mia. Badilisha moja tu, weka nyingine mahali pake, na himoglobini zinaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe. Seli iliyotakiwa kuwa laini kama unga uliokandwa inapinda na kuwa ngumu kama mundu. Inakwama kwenye mishipa midogo, na inapokwama panavimba na kuuma. Inakufa mapema, ndiyo maana damu inapungua, na mabaki yake ndiyo yanayotia macho manjano. Hakuna anayekunywa kitu. Huyo mnywaji nimemtafuta katika sura zote za kitabu, mpaka kwenye faharasa.

Mwaka 2007 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Udongo wa kaburi la Gélase ulikuwa haujakauka. Ulisimama uani kwako, Biblia kifuani, ukasema: "Mulenda alikufa mu njia, sasa na mutoto wake. Damu haiishake yenyewe. Iko mutu anaikunywa. Kikulacho ki nguoni mwako." Jina hukulitaja. Ulimwangalia tu mama, na shingo zote zikageuka. Kuanzia siku ile tulichota maji mwisho wa foleni. Sahani za nsima, ugali wa huku, ambazo mama alipeleka kwa majirani zilirudi kama zilivyokwenda, zimejaa, na yeye akakaa chini akala peke yake chakula kilichokataliwa. Tulihama kwa sababu ya sahani hizo.

Ugonjwa wa Olga nadhani naujua. Watu wa Bukavu wanauita kwa herufi mbili tu. Najua mtoto apelekwe wapi akapimwe, na najua anavyotunzwa. Sitaandika hapa. Jumatano moja, mbele ya cellule nzima, simama pale pale uliposimama, utaje jina la Véronique, useme kwamba hakunywa damu ya mtu yeyote. Faustin akiniletea habari kwamba umesema, barua yangu itatoka siku hiyo hiyo.

Msalimie Rodrigue. Msalimie na Aline, mwambie ashikilie vizuri sahani zake.
Bénie


Dzaleka, tarehe 21 Aprili 2013

Bénie,

Salamu. Mvua zimekatika, tumevuna mahindi kidogo nyuma ya nyumba. Mzee Zihindula wa jirani alituacha wiki ya Pasaka, tumemzika vizuri.

Barua yako nimeisoma mara moja, haistahili mara ya pili. Kwetu Fizi, kule Kongo, mtoto hamwekei mkubwa masharti. Niliyoyasema mwaka ule niliyasema kwa uchungu. Nilikuwa nimempoteza kaka, na mtoto wa kaka akaisha mikononi mwangu mimi pia, si mikononi mwa mama yako peke yake. Hicho kitabu chako kilikuwa wapi siku zile? Baba yako alinibeba mgongoni tulipovuka mto, na wewe leo unaniandikia shanga na mundu. Elimu haikukataza kuwa na adabu.

Olga alilazwa hospitali ya Dowa, akaongezwa damu, akarudi anacheka. Daktari alitupa karatasi ya kwenda naye Lilongwe akapimwe zaidi, lakini niliona tuombe kwanza. Baada ya muda vidole vikavimba tena. Sasa Aline amekwenda kukaa na mtoto kwa mama yake, ng'ambo ya soko. Anasema kule kuna hewa.

Jumatano iliyopita niliipikia cellule yote ugali na sombe, majani ya muhogo yenye mawese ya kweli. Wote walisema wameshiba. Béatrice, msaidizi wangu, ambaye hajawahi kukataa chakula tangu nimfahamu, naye alisema ameshiba. Labda ni kwa sababu ya mavuno. Sombe yote nilimpa nguruwe wa jirani.

Baki na masharti yako huko uliko. Mimi sitasimama.
Charlotte


Lilongwe, 12 Mei 2013

Shangazi,

Salamu, na pole kwa msiba wa Mzee Zihindula. Alikuwa mtu pekee aliyekuja kutuaga tulipoondoka.

Wote wameshiba? Siku moja, saa moja, hata Béatrice? Shibe hiyo naijua, nimekua nayo. Aline hakufuata hewa, Shangazi. Anamkimbiza mtoto wake kutoka mikononi mwako. Walianza kumwangalia yeye, halafu wakakumbuka kwamba Gélase alibebwa na wewe na Olga anabebwa na wewe, na shingo zikaanza kugeuka polepole. Wewe ndiye uliyewafundisha kugeuza shingo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na leo hata nguruwe amekula sombe yako.

Nimefurahi. Nataka ujue kwamba nimelala juu ya kitanda cha bweni nikafurahi mpaka rafiki yangu akaniuliza nimepata barua kutoka kwa mvulana gani.

Halafu unasema ulipewa karatasi ya Lilongwe ukaiweka chini ili uombe kwanza. Basi na sharti langu limekua. Sitaki tena usimame. Nataka upige magoti, na Aline awepo, na wale wote walioshiba wawepo. Kabla ya hapo hutapata neno kutoka kwangu, hata wakikufungia mlango wa uani kwa nje.

Wiki hii mwalimu ametuonyesha picha ya damu iliyokuzwa kwa hadubini. Seli za duara zilikuwa zinapita, na zile zilizopinda zilikuwa zimerundikana kwenye kona ya mshipa. Niliomba ruhusa nikatoka nje. Mnywesheni Olga maji mengi, mara kwa mara, na asipigwe na baridi. Hili nimeliandika kwa ajili ya Gélase. Usifikiri ni kwa ajili yako.

Barua hii nimeifunga kwa gundi, naiacha kwa mama Chinsapo, Faustin ataichukua akija kununua uzi.
Bénie


Dzaleka, tarehe 14 Julai 2013

Kwa Bénie,

Nakusalimu. Huku ni baridi na upepo, vumbi linaingia hadi kwenye chumvi. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Barua yako ya mwisho haikuletwa na Faustin. Ililetwa na Véronique mwenyewe. Nilikuwa nachambua maharage uani, nikasikia kengele ya kabaza, nikainua macho nikamwona anashuka kwenye baiskeli, kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda shambani. Miaka yote ile sijamwona. Bahasha ilikuwa imefunguliwa. Aliiweka juu ya ungo wa maharage.

Akaniambia: "Mutoto yangu anakuandikia. Utaisoma nyuma. Kwanza Olga iko wapi?"

Nikasema: "Wifi, karibu kwanza, ukalie."

"Sikuje kukaa. Olga iko wapi, na ile karatasi ya Lilongwe iko wapi?"

Nilimpeleka mwenyewe hadi kwa mama yake Aline. Watu walisimama milangoni kutuangalia. Alimchukua Olga, akamfunga mgongoni, akamwambia Aline na Rodrigue wavae viatu. Jua halijafika kichwani walikuwa tayari kwenye minibasi. Mimi nilirudi nyumbani nikaisoma barua yako, yote, hadi pale kwenye magoti.

Walikaa Chinsapo kwa mama yako siku zote za vipimo. Mimi nami niliwafuata mwishoni, na hospitali kubwa wakanichoma kidole kama wengine. Olga ni SS, ndiyo selimundu. Sasa najua herufi zako mbili. Aline ana AS, yaani anabeba S moja bila kuumwa, Rodrigue ana AS. Mama yako anayo AS tangu zamani, alipimwa huko Lilongwe mlipohamia. Yule mwanamke wa maabara alituambia kwamba mtoto hawezi kuwa SS mpaka apokee S moja kwa baba na S moja kwa mama. Nikamwuliza basi Mulenda, kaka yangu, naye? Akasema naye pia lazima alikuwa nayo. Nikamwuliza ya kwangu. Akaniangalia, akasema: AS.

Olga anapewa vidonge vya kila siku, na tuna tarehe za kumrudisha. Maji anakunywa. Sasa anatambaa.

Niliporudi nilifanya ulichotaka. Ilikuwa Jumatano, wote walikuwepo, Aline pia. Nilipiga magoti kwenye lile vumbi. Nikasema: "Véronique hakukunywa damu ya mutu. Mi njo nilidanganya. Ile kitu inatoka kwetu, mu damu yetu, sisi batoto ba baba yangu. Njo ilimaliza Gélase, njo inagusa Olga. Na mi niko nayo."

Nilifikiri watalia, au wataimba. Béatrice akasimama, akavuta watoto wake nyuma, akasema: "Mulisikia? Anakubali mwenyewe."

Nikasema hapana, hospitali imepima, ni seli, ni protini. Aline naye akasema hivyo hivyo kwa sauti kubwa, lazima nimshukuru. Hakuna aliyesikiliza. Mimi nilikuwa nimesema maneno ya maabara, wao wakasikia maneno yangu ya zamani, yale niliyowafundisha mwenyewe. Sasa cellule inakutana kwa Béatrice. Kwenye bomba wananiambia nisubiri mwisho. Rodrigue hawezi kuniletea mtoto mchana, majirani wanapiga kelele. Jana nilimpelekea mjane wa Zihindula sahani ya ugali. Ilirudi imejaa, nikakaa chini nikaila.

Uliniambia kwamba damu hukitupa kiini chake ili ibebe vizuri. Basi nimetupwa. Sijaona kama wanabeba chochote. Niandikie kama umeridhika.
Charlotte


Chinsapo, 4 Agosti 2013

Shangazi Charlotte,

Salamu kutoka kwangu na kwa mama. Shule imefunga, nimefaulu. Mama ameongeza kikaango cha pili, sasa wateja wanapanga mstari kabla jua halijachomoza vizuri.

Nimekawia kukujibu kwa sababu nilikuwa nimemnunia mama. Nilimwambia amenipokonya kisasi changu. Ulikuwa umebanwa kila upande, ulikuwa karibu kutapika ukweli mwenyewe, yeye akaja akakusaidia bure. Aliendelea kukanda unga. Mwishowe akasema: "We unajua kitabu, Bénie. Mi najua kuzika mutoto."

Swali lako nimelisoma mara nyingi. Nilitaka useme ukweli na ukausema, na ukweli umekufanya mchawi. Nilipofika pale kwenye sahani ya mjane nilingoja ile furaha ya mwezi wa tano irudi. Ilirudi, nisikudanganye. Lakini haikukaa.

Nami nimepimwa. Nina AS. S yangu moja imetoka kwa mama au kwa baba, maabara haiwezi kusema ni ya nani. Kama ni ya baba, basi ni ile ile iliyo ndani yako. Nimekuchukia miaka sita yote, na huenda nilikuwa nakubeba kwenye damu.

Sijakusamehe. Mama anasema uhamie hapa, uwe karibu na hospitali ili Aline akimleta Olga apate pa kulala. Mimi nisingekuita. Nilikuwa tayari kukataa, kisha nikafikiri vizuri, nikaona hakuna adhabu nzuri kuliko hiyo.

Kwa hiyo njoo. Utakaa kwenye mkeka hapo mlangoni, mahali wateja wote wanapita, na kati yao wamo watu wa Dzaleka. Mama atakupakulia nsima kwa mkono wake mbele yao. Nsima ni wanga, mnyororo mrefu wa sukari. Mate yataanza kuukata, tumbo litamalizia, na sukari itapita kwenye damu yako hadi kwenye kila seli uliyo nayo. Utando wa seli unachagua mengi, Shangazi, lakini hauulizi nsima ilipikwa na nani. Mimi nitakuwa nimeketi mbele yako, nakuangalia. Utaila yote. Na ikiisha utanyoosha sahani, utamwita kwa jina lake, na utaomba kuongezewa.

Ni mimi,
Bénie, mtoto wa Véronique